Tovuti Iliyolala Nakonde

29 Aprili

Mvua imepungua lakini haijaaga. Leo nimefanya uamuzi niliopaswa kuufanya mwaka jana, kebo ya baharini ilipokatika na tovuti yangu ikatoweka hewani kwa muda wote ule huku mimi nikigonga vitufe kama mwehu.

Naandika mambo ya Mbozi, nikiwa Vwawa, kwa ajili ya watu wa Mbozi, Ileje na Momba. Maandishi yenyewe yanakaa kwenye kompyuta iliyoko Ujerumani. Mtu wa hapa mtaani Ilolo, ng'ambo ya barabara kutoka kwangu, akitaka kusoma tovuti yangu, Neno Kavu, ombi lake linasafiri hadi Dar, linazama baharini, linaibuka Ulaya, linabeba ukurasa wangu na kurudi nao njia ileile. Nimefundisha historia nusu ya maisha yangu. Nimewaeleza watoto wa watu jinsi mkoloni alivyolaza waya wa simu chini ya bahari ili amri itoke kwake na habari iende kwake. Kumbe mimi Ferista, mwenye mdomo huu, kila sentensi yangu nimekuwa nikiipeleka kuomba ruhusa kwenye waya wa aina hiyohiyo.

Naileta tovuti nyumbani. Wanaotaka kucheka wacheke.

30 Aprili

Wa kwanza kucheka ni Jenista, jirani yangu, aliyekuja kurudisha ungo.

"Mwalimu, hiyo tovuti inakula nini?"

"Umeme na mtandao."

"Basi hapa Vwawa itakufa njaa."

Hilo, kwa bahati mbaya, ni kweli. Umeme wa kwangu hauaminiki hata kwa kuchemsha maharage. Kompyuta itakaa Tunduma.

4 Mei

Tunduma. Malori yamepanga foleni kuanzia mlimani, madereva wamelala chini ya matela yao kama wapo kwao. Nimekwenda kwa Lusubilo, fundi wa kompyuta anayewafungia mawakala wa forodha mitandao yao. Duka lake lipo safu ya mwisho kabisa. Ukifungua mlango wa nyuma unatazama Zambia. Ana betri kubwa na paneli za sola juu ya bati, umeme ukikatika yeye hana habari.

"Mulishani, mayo!" akaniamkia kwa Kibemba, hujambo mama, kama anavyowasalimu wateja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka.

"Mimi si mteja wako wa Nakonde. Nisalimie vizuri."

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nataka tovuti yangu ikae hapa."

"Hapa dukani?"

"Hapa nchini. Kebo ya baharini ikatike, ng'ambo kote kuzimike, mtu wa Mlowo bado afungue simu yake asome Neno Kavu."

Lusubilo alijikuna shingo. "Inawezekana. Kompyuta ndogo, laini ya kudumu, na jina la tovuti lisajiliwe hapahapa. Ila mwalimu, usikasirike. Mtandao ukikata watu wanatafuta WhatsApp. Hawakutafuti wewe."

"Hilo niachie mimi."

"Nimekuachia, mayo. Zima moto, nisije nikaungua."

11 Mei

Imekamilika. Lusubilo amepiga simu akisema tovuti ipo kwenye rafu, juu ya redio, inapumua. Nimeifungua, na nimeona kama inafunguka haraka kuliko zamani.

Nimeandika makala ndefu: "Neno Kavu Sasa Linalala Nyumbani". Nimewachapa wote. Wanaohubiri uzalendo huku barua pepe zao zote zikilala ng'ambo. Wasomi wetu wasioweza kutunza hata picha ya kipaimara bila kuipeleka Marekani. Nimefurahi kama nilivyofurahia barua yangu ya kwanza gazetini, enzi nikiwa msichana.

Wa kwanza kujibu, kama kawaida yake, ni huyu mtu anayejiita Mwana wa Igamba. Tangu mwaka juzi hajaacha makala yangu ipite bila kuitemea. Ameandika: "Hongera kuhamia nyumbani. Nyumbani kwa nani? Hata mbuni mmoja huna, unatusemea tu sisi wenye mashamba."

Nimemjibu aya sita. Namfahamu mtu wa namna hii bila kumwona: kijana mwenye kiti cha kuzunguka, yuko Dodoma au ng'ambo, Igamba anaikumbuka kwa jina tu.

16 Mei

Baridi imeanza. Hakuna la maana.

22 Mei

Kahawa imeanza kuiva mabondeni. Asubuhi nimewaona wanawake wakipita na vikapu kwenda kuchuma, na wameniamkia kwa mbali, kwa heshima ile wanayompa mtu wanayemwogopa kidogo.

Kaka yangu Aliko naye atakuwa ameanza kuchuma kule kwetu Igamba. Sina njia ya kujua. Mwaka juzi niliandika makala, "Dada Huchuma, Kaka Hurithi", nikaeleza jinsi mabinti wa Mbozi wanavyochuma kahawa ya baba zao tangu wakiwa wadogo, na baba akifa mibuni yote inakuwa ya mtoto wa kiume. Mfano nilioutoa ni wa nyumba yetu, na jina nililiweka, kwa sababu mfano usio na jina haumuumi mtu. Aliko hajasema nami tangu siku ile. Tulipomzika mama, yeye alisimama upande mmoja wa kaburi na mimi upande wa pili, tukatupia udongo kwa zamu, na wachungaji wakaimba kwa nguvu ili watu wasione.

Sijutii hata nukta moja ya makala ile. Nimeandika hilo hapa ili nisije nikajidanganya uzeeni.

1 Juni

Mwana wa Igamba anasema sijui tofauti ya kahawa mbivu na nyanya. Nimemwambia nyanya ina akili kumzidi.

8 Juni

Imekatika!

Asubuhi WhatsApp haitumi. Kijana wa duka la picha ametoka nje akatazama angani, kana kwamba mtandao ni ndege. Redioni wamesema kebo chini ya bahari imepata hitilafu, ukarabati utachukua muda, simu za kawaida na huduma za ndani ya nchi zinaendelea. Huduma za ndani! Niliruka kitini. Siku yangu ndiyo hii. Nikajifunga khanga vizuri kama ninayekwenda kupokea mgeni, nikamwita Jenista aje ashuhudie.

Nikafungua Neno Kavu kwenye simu.

Kiduara kikazunguka. Kikazunguka. Jenista akasogea karibu, akakitazama kwa adabu. Kikazunguka mpaka maandishi yakatokea: ukurasa haupatikani.

"Labda imelala bado," Jenista akasema. "Si ulisema inalala nyumbani?"

Nimemfukuza kwa maneno ambayo sitayaandika hapa.

9 Juni

Nimepanda basi la kwanza kwenda Tunduma. Lusubilo nimemkuta anakunywa chai na kitumbua, kompyuta yangu ipo palepale juu ya redio, taa yake ya kijani inawaka bila aibu.

"Imezimika," nikasema.

"Haijazimika, mwalimu. Tazama." Akafungua kwenye simu yake. Neno Kavu, kurasa zote, sura yangu juu na miwani.

"Mbona kwangu haifunguki?"

"Wewe uko laini gani?"

"Ya Tanzania! Kwani ipo nyingine?"

Akaacha kutafuna. Akatazama simu yake, akatazama waya unaotoka kwenye kompyuta yangu, nami nikaufuata kwa macho: umepita juu ya fremu ya mlango wa nyuma, ukavuka uchochoro kwa kuning'inia kwenye mti wa mlonge, ukaingia kwenye nyumba yenye bati la bluu. Ile nyumba ya bati la bluu iko Zambia.

"Lusubilo."

"Mayo."

"Umeiweka wapi tovuti yangu?"

"Iko hapa. Laini ndiyo ya Nakonde. Ina kasi, haikatiki, nimeifunga kwa shemeji zangu pale. Mke wangu ni wa pale. Maji tunachota pale. Wanangu wanasoma pale." Akasimama. "Mwalimu, kweli kabisa, mimi pale sijawahi kupahesabu ni nje."

Na mtandao unapahesabu. Kumbe mtu wa Vwawa akitaka kunisoma, ombi lake haliwezi kuvuka ule uchochoro. Kampuni za huku na za kule hazikutani mpakani, zinakutana mbali, ng'ambo ya bahari. Nilikuwa nimeihamisha tovuti yangu kutoka Ujerumani, nikampigia kelele kila mzalendo, nikaenda kuilaza Zambia. Hatua chache tu kutoka mpakani, lakini Zambia.

"Kwa hiyo sasa hivi inasomwa wapi?" nikauliza.

"Nakonde inafunguka vizuri sana," akasema kwa unyonge.

Nilitaka kupasuka. Badala yake nilicheka, nikacheka mpaka mama mmoja anayeuza vitumbua nje ya duka akaniletea kiti. Ni muda mrefu sijacheka mbele ya mtu. Lusubilo aliona ni ruhusa, naye akacheka, kisha akapanda juu ya meza akaukata waya.

10 Juni

Laini ya Tanzania imeunganishwa. Jina limeelekezwa upya kwa msajili wa hapa nchini. Lusubilo pia amegundua kurasa zangu zilikuwa zinasubiri herufi za mapambo na vidude vingine kutoka nje kabla ya kufunguka, hivyo amevivua vyote. Neno Kavu limebaki maandishi meusi juu ya karatasi nyeupe. Linafanana nami zaidi.

Nimefungua simu Vwawa. Kufumba na kufumbua, ukurasa huu hapa. Ng'ambo giza, huku mwanga.

Jenista hakuwepo. Nimemwonyesha paka ukurasa.

12 Juni

Naandika hili polepole kwa sababu sijaamua nalifikiriaje.

Tovuti ina chombo kinachonionyesha wanaoisoma. Miaka yote kilinionyesha umati, nami niliuona umati ule nikiandika: wazee wa Itumba, walimu wa Chitete, wachimbaji wa Mkwajuni wakisomeana kwa sauti wakati wa chakula. Tangu juzi mlango wa ng'ambo umefungwa na mlango wa nyumbani upo wazi. Kwa mara ya kwanza naweza kuwaona wa nyumbani peke yao.

Hawapo.

Yupo Lusubilo, anayefungua kuhakikisha inafunguka. Nipo mimi. Na yupo mmoja mwingine. Umati wangu wote ulikuwa watu wetu walioko ng'ambo, wenye kiu ya kusikia nyumbani kunagombwa, na mashine za kutafuta zinazopita kila ukurasa duniani bila kuelewa neno. Nimepigana vita hii yote kwa ajili ya watu wa hapa, na watu wa hapa wanachuma kahawa.

Huyo mmoja ameandika jioni: "Naona umerudi hewani. Umeandika 'wananchi' mara nyingi sana. Wako wapi?"

Mwana wa Igamba. Kwa hiyo yuko nchini. Kwa hiyo kiti cha kuzunguka nilimpa bure.

Sikumtukana. Nilimuuliza: "Na wewe mbona upo?"

Akajibu: "Niko nyumbani. Kahawa imeanikwa, hakuna pa kwenda."

13 Juni

Ukungu mpaka saa nne. Tumebishana asubuhi nzima, mimi na yeye, juu ya bei, juu ya viongozi wa ushirika, juu ya kama elimu yangu imemsaidia mtu yeyote. Hana adabu hata kidogo. Ila anasoma mpaka mstari wa mwisho, na anakumbuka nilichoandika mwaka juzi kuliko mimi.

Nimesahau kula.

14 Juni

Leo sikuwa na wa kumchapa, maana hapakuwa na anayesoma. Nikaandika kitu kifupi ambacho si kawaida yangu, juu ya shamba la nyumbani kwetu: jinsi baba alivyopanda mbuni wa kwanza kando ya kisima, na jinsi ulivyokuwa ukiiva kabla ya mingine, sisi watoto tukimenya kahawa mbivu kwa meno na kunyonya utamu wake tukitemeana mbegu.

15 Juni

Mwana wa Igamba ameandika hivi, nanakili yote:

"Mbuni wa kisimani hakuupanda baba yako. Mwaka ule alikuwa amelazwa, ukoo mzima ukisubiri taarifa ya msiba. Mama yako ndiye aliyeupanda, na mimba tumboni, akaumwagilia kwa kibuyu kiangazi chote. Baba yako alipopona akawa anasema ni wake na mama yako akamwachia aseme. Andika mambo unayoyajua."

Mimba ile ilikuwa mimi. Baba ni marehemu, mama ni marehemu. Aliyekuwa na macho ya kuona kibuyu kile mwaka ule na bado yuko hai ni mtu mmoja tu duniani.

Nimetoka nje nikazunguka nyumba. Nimekata kuni ambazo hazikuhitaji kukatwa. Tangu mwaka juzi! Kila makala. Alisimama ng'ambo ya kaburi la mama bila kunipa mkono, na usiku ule au kesho yake akaandika kwamba makala yangu ya mbolea ni takataka.

Kisha nimerudi ndani nikajibu. Nilijua ni yeye, na nilijua kwamba naye sasa anajua ninajua. Lakini alikuwa ameniwekea mkononi hoja ambayo nimeitafuta miaka yote, nami sijawahi kuiacha hoja ikapita. Nimeandika: "Kwa hiyo mwanamke ndiye aliyepanda, na mwanamume ndiye aliyerithi. Asante kwa ushahidi."

Nimetuma.

16 Juni

Kimya.

17 Juni

Kebo imetengenezwa. Simu ya Jenista imelia meseji za siku zote kwa mpigo, kama mahindi kwenye kikaango. Chombo changu kimejaa tena: Ulaya, Marekani, Uarabuni. Mtu kutoka Uswidi ameandika: "Moto, mwalimu! Tulikukosa!"

Yeye hakuandika.

25 Juni

Hakuandika.

9 Julai

Baridi ya kukata masikio. Nimechapisha makala nne, zote kali. Wa ng'ambo wanapiga makofi. Nimezisoma tena na kuona mahali ambapo angenishika. Katika ya pili angenipata vibaya kabisa. Hakunishika.

20 Julai

Jenista ameniletea maharage mabichi. Alikaa.

"Mwalimu, siku hizi humo kwenye simu hugombani na mtu?"

"Hakuna wa kugombana naye."

"Si uje ugombane na mimi?"

"Wewe unanikubalia upesi."

"Nakuogopa, ndiyo maana," akasema, akacheka, kisha akaacha kucheka kwa sababu mimi sikucheka. Nimemwomba abaki tumenye maharage pamoja. Amebaki.

3 Agosti

Nimekwenda mpaka Mlowo, kwenye njia panda. Waendesha bodaboda wakanizunguka. "Igamba, mama? Igamba? Twende, vumbi tu, mvua hakuna." Nimesimama na mfuko wangu wenye mkate na sukari. Ningesema nini nikifika? Samahani? Siamini hivyo, na yeye angenusa uongo nikiwa bado getini. Kwamba mibuni ile nusu ni yangu? Naamini hivyo, na ndicho kilichotufikisha hapa.

Nimenunua vitunguu, nimerudi Vwawa.

18 Agosti

Lusubilo amepiga simu kuuliza kama bado naitaka laini ya Tanzania, maana kebo imepona na ile ya kwa shemeji zake ni nzuri zaidi. Nimemwambia laini ya Tanzania ibaki hata dunia nzima ihamie Nakonde.

"Kwa ajili ya wananchi?" akauliza, na nilisikia anavyozuia kicheko.

"Kwa ajili ya mwananchi," nikasema.

20 Agosti

Uchumaji umekwisha mashamba mengi. Leo nimechapisha makala ya ushauri wa kilimo, mimi ambaye hata mbuni mmoja sina. Nimeandika, kwa lugha ya uhakika kabisa, kwamba mkulima mwerevu hapogoi mibuni yake sasa baada ya mavuno, bali husubiri mpaka ichanue maua, ndipo aingie na panga.

Simu ya Lusubilo imeingia kabla chai haijapoa.

"Mayo, hiyo makala ya kahawa. Baba yangu alikuwa mkulima, Ileje kule. Ukikata na maua si umekata mavuno? Nirekebishe haraka kabla watu hawajaona?"

"Usiguse."

"Lakini ni kosa, mwalimu. Tena kosa kubwa."

"Usiguse hata herufi, Lusubilo."

21 Agosti

Watu wa ng'ambo wamenishukuru kwa elimu.

22 Agosti

Amejibu.

Ni ndefu, haina nukta wala mkato, imeandikwa na mtu aliyegonga vitufe kwa hasira. Kwamba nimepotoka. Kwamba mtoto wa darasa la kwanza wa Igamba ananizidi. Kwamba mtu aliyekulia chini ya mibuni na kusomeshwa kwa mibuni anathubutuje kuandika upuuzi kama huo mbele za watu, na kwamba makusudi au si makusudi, na yeye anadhani ni makusudi, niufute leo hii. Mwishoni kabisa, peke yake:

"Mama angetuchapa wote wawili."

Nimekaa nayo mpaka jua likazunguka upande wa pili wa nyumba. Kisha nimeufuta ule ushauri wa maua, nikaandika ulio sahihi, na chini ya maneno yake nimejibu:

"Angeanza na wewe. Wewe ndiye mkubwa."